Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Mahale

Ujiji, Kigoma

Mwanangu Hamisi,

Barua yako nimeipata, na habari kwamba unakuja na wenzako mwende Mahale imenifurahisha mno. Vijana wetu wengi wanaijua Serengeti walau kwa picha, ila hifadhi hii ya huku kwetu hata jina lake hawajalisikia.

Ratiba yako ndiyo sijaikubali. Umeandika mtafika Jumamosi, Jumapili mwaone sokwe, Jumatatu mrudi. Mwanangu, Mahale haina barabara ndani yake. Kutoka Kigoma mjini unashuka kusini kwa maji zaidi ya kilomita 120, na boti huondoka ziwa likiruhusu. Upepo ukivuma, nahodha mwenye akili hupumzika, nawe usimharakishe. Ziwa Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400, na sisi tuliokulia ufukweni mwake tunaliogopa bado. Jaketi la kujiokolea livaeni tangu bandarini, msilikalie. Ongezeni siku, hata kama itabidi mngoje likizo nyingine.

Mkija, njooni Agosti au Septemba. Masika njia za mlimani huteleza, na sokwe huwa juu, mbali. Kiangazi kikikaribia kwisha huteremka mara nyingi karibu na ziwa. Hata hivyo askari wa hifadhi hawezi kukuahidi chochote. Mtatembea nyuma yake msituni saa nyingi, mkipanda na kushuka, na mkiwapata mtapewa saa moja tu. Atakayehesabu saa hiyo peke yake kuwa ndiyo safari atarudi na manung'uniko. Kuna mbega, kuna chui ambaye huenda mkaona nyayo zake tu, na kuna Nkungwe wenyewe, mlima wa mita 2,462 ambao Watongwe wanauheshimu tangu enzi za mababu. Ombeni kupelekwa huko juu. Mtaanza kwenye msitu mzito, mpite mianzi, mtokee kwenye nyasi za mlimani, na ziwa mtaliona chini yenu. Hiyo ni safari ya siku kadhaa, na miguu ianze kuzoezwa huko huko Dar es Salaam.

Watongwe nimewataja kwa makusudi. Milima ile ilikuwa na vijiji vyao, wakahamishwa miaka ya sabini wakati wa operesheni ya vijiji, na hifadhi ikatangazwa mwaka 1985. Wataalamu wa Kijapani wakiongozwa na Toshisada Nishida walianza kuwafuatilia sokwe wa Mahale mwaka 1965, na kazi hiyo isingewezekana bila macho na miguu ya wenyeji. Mwaka 1987 sokwe jike aliyeitwa Chausiku alikuwa mgonjwa, mnyonge, asiyekula vizuri. Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyefanya kazi hifadhini, pamoja na mtafiti Michael Huffman, walimwona akivunja shina la mjonso, akilimenya, kisha akitafuna kiini chake na kufyonza maji yake machungu. Kesho yake alikuwa amepata nguvu. Kalunde aliutambua mti ule mara moja, kwani kwao ni dawa ya tumbo. Dunia nzima ya wasomi ilisoma habari hiyo, na mimi napenda kila kijana wa Kigoma amjue mzee huyo.

Kwa tumbo, basi, sokwe wana dawa yao. Kwa mafua yetu hawana. Miili yao imekaribiana na yetu kiasi kwamba kikohozi unachokipuuza wewe kinaweza kumuua sokwe. Mwaka 2006 ugonjwa wa mfano wa mafua uliliingia kundi la M, hilo hilo ambalo wageni hupelekwa kuliona, na baadhi ya sokwe walikufa. Jike huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka mitano au sita kabla ya kuzaa tena. Pengo la ugonjwa mmoja halizibiki upesi.

Ndiyo maana mtavalishwa barakoa, mtaambiwa mkae mita 10 mbali nao, msile, msiteme mate, na watoto wadogo hawaruhusiwi kabisa. Sokwe mwenyewe akisogea, rudini nyuma. Askari akisema ondokeni, ondokeni, hata kama mmoja wenu hajapiga picha. Nimewahi kumsikia mgeni akimbembeleza askari amwongezee muda kwa sababu ametoka mbali. Iliniuma, na nisingependa kusikia hivyo kuhusu mtoto wa kaka yangu.

Kuhusu fedha msihangaike sana: kiingilio cha raia ni kidogo mno kikilinganishwa na cha mgeni wa nje. Boti ndiyo itakayowagharimu, kwa hiyo jikusanyeni. Chakula nunueni Kigoma kabla ya kuondoka.

Jambo moja nakuomba ulifanye wiki hii. Waambie wenzako, kabla hawajatoa hata shilingi, kwamba atakayeamka na mafua au kikohozi siku ya kwenda msituni atabaki kambini, na fedha yake itakuwa imekwenda. Asiyeweza kulikubali hilo, usije naye.

Ni mimi baba yako mdogo.