Penye Njia Pana Nia

"Penye nia pana njia" ni miongoni mwa methali ambazo mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nazo mapema, aghalabu kabla hata hajajua methali ni nini. Mhadhiri mmoja wa Kiswahili katika chuo kikuu cha bara alikuwa ameifundisha kwa zaidi ya miaka kumi. Aliuchambua muundo wake darasani, akaonyesha jinsi pande zake mbili zinavyolingana, mizani nne kwa mizani nne, na jinsi maneno nia na njia yanavyoitana kwa sauti. Jambo moja tu hakuwahi kuwaambia wanafunzi wake: kwamba kila usiku, nyumbani kwake, methali hiyo ilimshinda.

Ilimshinda mezani. Majira ya mitihani yalipowadia, alizoea kusahihisha hadi saa saba za usiku, rundo la vijitabu vya majibu likiwa upande wa kushoto, sahani ya chipsi upande wa kulia, na chupa ya chai ya maziwa iliyokolezwa sukari kando ya kiti. Wakati huo alikuwa amekwisha kula chajio, tena ugali wa kuwatosha watu wawili. Njaa hakuwa nayo. Mkono wake wa kushoto ulikwenda sahanini kila alipofika mwisho wa ukurasa, kama vile mkono wa kulia ulivyokwenda pembezoni kuandika alama. Sahani ilipokwisha, alishangaa kuiona tupu. Kisha akainuka na kwenda jikoni kutazama kilichosalia.

Ajabu ni kwamba mtu huyu aliyajua maneno ya mlo kuliko wengi. Aliweza kuwaeleza wanafunzi kwa nini njaa si hamu, na kwa nini hamu si uchu. Alijua kwamba mlafi hushutumiwa kwa wingi wa anachokula, ilhali mroho hushutumiwa kwa namna anavyokitamani. Alijua pia kwamba kushiba si kuvimbiwa. Neno alilolipenda zaidi ni kukinai, kwa sababu limebeba maana mbili zinazokaribia kupingana: kuridhika na kidogo ulichopata, na kuchoshwa na kitu kwa sababu umekipata kupita kiasi. Maana ya kwanza aliifahamu kutoka kwenye kamusi. Ya pili aliifahamu kutoka kwenye tumbo lake mwenyewe, saa saba za usiku.

Huenda mambo yangeendelea hivyo kama si mguu wa mamake. Mama huyo, mkazi wa Mombasa, alikuwa ameishi na kisukari kwa miaka mingi. Mwaka 2016 alijikwaruza mguu wa kushoto kwa kigae na hakuhisi maumivu yoyote, maana ugonjwa ulikuwa umekwisha kuua hisia za neva za nyayo zake. Kidonda kikakua kimyakimya ndani ya kiatu. Kilipogunduliwa, damu haikuwa ikifika huko vizuri, na vidole viwili vikakatwa. Mwanawe aliketi kando ya kitanda hospitalini siku nne mfululizo. Kila jioni, alipotoka wodini, alipita kwa muuza viazi karai aliyekuwa karibu na lango, akala akiwa amesimama hadi akashindwa kupumua sawasawa. Huzuni, naye aligundua siku zile, huigiza njaa vizuri sana.

Miaka miwili baadaye ilikuwa zamu yake. Alipimwa sukari asubuhi kabla ya kula, na kipimo kikaonyesha 6.7. Daktari alimweleza kwamba ikifika 7.0, na kipimo cha pili kikathibitisha, huitwa kisukari. Alikuwa na umri wa miaka 43 na uzito wa kilo 104. Daktari alimtajia utafiti mmoja mashuhuri uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2002, uliowahusisha watu 3,234 waliokuwa katika hali kama yake. Kundi lililoelekezwa kupunguza angalau asilimia 7 ya uzito na kutembea kwa kasi au kufanya zoezi jingine la kiasi hicho kwa dakika 150 kila wiki lilipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, likilinganishwa na kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa. Waliopewa dawa ya metformini waliupunguza kwa asilimia 31. Kwa hiyo, alisema daktari, kilo saba hivi zingeweza kumfaa kuliko kidonge. "Ni nia tu, mwalimu," akamalizia.

Mhadhiri alirudi nyumbani na neno hilo kama mtu aliyekabidhiwa upanga. Usiku huohuo aliandika orodha ya makatazo na kuibandika ukutani: sukari, chapati, mandazi, chipsi, nyama ya kukaanga, soda. Siku tisa alishinda. Siku ya kumi kulikuwa na mkutano wa idara, na sinia la mandazi likawekwa mbele yake kwa saa mbili nzima. Saa ya kwanza alilitazama akijisifu kwa ushujaa wake. Saa ya pili alikula moja. Na kwa kuwa alikuwa amekwisha kuvunja sheria, aliona hakuna maana ya kuilinda maiti ya sheria, akala matano. Jioni akapitia mkahawani. Makatazo yakabaki ukutani majuma mengi kama tangazo la mkutano uliokwisha fanyika.

Alijaribu tena mara mbili, na mara zote mbili akaanguka vilevile. Kilichomwumiza hakikuwa uzito, bali hukumu aliyojitolea. Alijiita mlafi. Alijiuliza mtu asiyeweza kuushinda mkono wake mwenyewe ana haki gani ya kusimama mbele ya vijana na kuwafundisha methali za nia. Hukumu hiyo haikumpunguzia hata gramu moja. Kinyume chake, kila alipojilaumu alihitaji kufarijiwa, na faraja aliyoijua ilikuwa ndani ya kikaango.

Mwanzo wa mabadiliko ulitokana na kitu alichokutana nacho kwa bahati, alipokuwa akisoma kazi ya mwanafunzi wa saikolojia aliyeomba msaada wa tafsiri. Kazi hiyo ilieleza majaribio ya Walter Mischel katika Chuo Kikuu cha Stanford, miaka ya 1960 na 1970. Watoto wadogo waliwekewa kitu kitamu mezani, wakaambiwa: anayetaka ale hiki kimoja sasa, anayeweza kusubiri atapewa viwili. Mengi yaliyodaiwa baadaye kuhusu maisha ya watoto wale ukubwani yametiliwa shaka, hususan na utafiti wa mwaka 2018. Lakini mhadhiri hakunaswa na hayo. Alinaswa na jinsi walioweza kusubiri walivyosubiri. Hawakukikodolea macho kitamu na kukishinda kwa ushujaa. Walijifunika macho, wakaimba, wakageukia upande wa pili. Na kitamu kilipofichwa, watoto walisubiri kwa muda mrefu zaidi.

Hapo akakumbuka sinia la mandazi, na saa nzima aliyokaa akilitazama. Akarudia pia maelezo ya utafiti wa Marekani, akaona jambo ambalo sikio lake lilikuwa limeliruka. Watu wale hawakuachwa na nia tupu. Kila mmoja alikuwa na mshauri wake, na masomo 16 ya kumwongoza hatua kwa hatua: anunue nini, apange vipi siku yake, afanye nini akialikwa karamuni. Kwa maneno mengine, walitengenezewa njia kwanza. Nia ikapata pa kupita.

Akaibandua orodha ya makatazo. Badala yake akaanza kubadilisha mahali na saa. Kazi ya kusahihisha aliihamishia ofisini mchana, vijitabu ishirini kwa siku, wala hakikuvuka mlango wa nyumba kijitabu hata kimoja. Hilo peke yake likaiondoa sahani ya usiku, kwa kuwa sahani ile haikuwa na kazi nyingine ila kusindikiza alama. Chipsi aliacha kubeba kwenda nazo nyumbani. Akizitaka, sharti atoke kuzifuata. Mara nyingi uvivu ulimsaidia pale ambapo ushujaa ulikuwa umemwangusha. Chai aliendelea kunywa, ila sukari aliipunguza kutoka vijiko vitatu hadi viwili, na baada ya mwezi hadi kimoja. Ugali aliupakua mara moja, akaongeza sukuma wiki na maharagwe, kisha akasubiri kama dakika 20 kabla ya kuamua iwapo anahitaji zaidi, maana habari za shibe hazifiki kichwani mara moja. Mikutanoni alichagua kiti cha mbali na sinia. Na jioni alishuka matatu kabla ya kituo chake, akatembea nusu saa, siku tano kwa wiki. Zile dakika 150 zikatimia bila ya kuitwa mazoezi.

Je, aliacha kuanguka? La. Palikuwa na harusi, palikuwa na matanga, palikuwa na Ijumaa za uchovu mtupu. Lakini alikuwa amesoma pia utafiti wa London wa mwaka 2010 kuhusu mazoea, ambapo ilionekana kwamba tendo jipya lilichukua wastani wa siku 66 kuwa la kawaida, kwa wengine siku 18 na kwa wengine zaidi ya 200, na kwamba kuikosa siku moja hakukuliharibu zoea linalojengwa. Taarifa hiyo ilimwondolea mzigo mkubwa. Andazi moja likarudi kuwa andazi moja. Halikuwa tena mlango wa kuingilia mengine manne.

Jaribio kubwa lilimngoja Mombasa. Mamake, ambaye mwenyewe alikula kwa kipimo, hakuwa amepunguza hata chembe katika kuwapikia wengine. Siku ya Idi alimpakulia mwanawe pilau iliyofunika ukingo wa sahani, kisha akaketi kumtazama, mguu wenye kasoro ameunyoosha juu ya kigoda. Mwana alikula nusu, akanawa.

"Mbona wala kama mgeni?" mama akauliza. "Ama mapishi yangu yameharibika?"

"Hapana, mama. Nimeshiba."

"Hujashiba wewe. Mimi ndiye niliyekuzaa, najua unavyoshiba. Mwili haujengwi kwa matofali, mwanangu."

Hakuna mshauri wala utafiti uliokuwa umemwandaa kwa sentensi hiyo. Kwa miaka miwili alikuwa amemficha mamake ile 6.7, kwa kuchelea kumwongezea mzigo. Sasa akaona kwamba asipoitaja, ataonekana ameikataa mikono iliyompikia. Akaitaja. Akamweleza kilo alizozipunguza na alizobakisha, na jinsi anavyoogopa.

Mama alinyamaza kitambo. Aliutazama mguu wake, kisha sahani. "Kumbe ulikuwa ukila ili nisijue," akasema hatimaye. Akaisogeza sahani kando, akaifunika kawa. "Itakuwa ya kesho. Na siku nyingine nikikupakulia nyingi, nambie, mama punguza. Mimi sitakasirika. Nitakasirika nikikuuguza."

Tangu siku hiyo sahani yake nyumbani kwa mama ikawa ndogo, na mazungumzo yakawa marefu. Baadaye alitanabahi kwamba hilo ndilo alilokuwa akilikosa katika azma zake zote tatu: alikuwa amezifanya siri. Mtu anayekula pamoja na watu hawezi kubadilisha mlo wake peke yake gizani.

Wala si mtu mmoja tu aliyo na vita hivi. Utafiti wa kitaifa wa afya nchini Kenya ulionyesha kwamba wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliozidi uzito unaofaa walikuwa asilimia 25 mwaka 2008–09, na asilimia 33 mwaka 2014. Utafiti wa mwaka 2022 ukapata zaidi ya asilimia 40. Haielekei kwamba nia ya Wakenya ilipungua ghafla kwa kiasi hicho. Kilichobadilika zaidi ni njia: chipsi na soda kila kona, kazi za kukaa kitako, barabara zisizo na mahali pa kutembea. Mwanafunzi anayeishi bwenini kwa pesa chache hula kilicho karibu na kinachojaza tumbo haraka. Kumwambia "ni nia tu" ni kumkabidhi upanga na kumwacha uwanjani peke yake.

Mhadhiri alipopimwa tena, sukari ilikuwa 5.8, na mizani ikasoma kilo 95. Uchu haujamtoka. Humjia bado majira ya mitihani, saa za usiku, naye huutambua kwa jina lake na kuulinganisha na njaa, kama alivyowazoeza wanafunzi kulinganisha visawe. Mara nyingine humshinda. Asubuhi yake hushuka matatu kabla ya kituo kama kawaida.

Methali bado anaifundisha, na bado huwaonyesha wanafunzi mizani zake nne kwa nne. Ila siku hizi, akimaliza, huwataka waigeuze waone kama itasimama. Mwaka mmoja mwanafunzi wa kike aliyeketi nyuma alisoma kwa sauti, "Penye njia pana nia," kisha akauliza ipi kati ya hizo mbili ndiyo ya kweli. Mhadhiri alimjibu kwamba wahenga walituachia moja tu, na ya pili kila mtu huithibitisha mwenyewe. Kisha akafuta ubao, akachukua mfuko wake na kuteremka ngazi kwa miguu.