Chumba Chembamba cha Ndugu Wawili

Vyumba vya nyumba za kale za Mji Mkongwe, Unguja, ni virefu na vyembamba, kwani upana wake hufuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Katika chumba kama hicho tuliwahamishia wanetu wawili baada ya mkubwa kutimiza miaka 10, umri ambao Mtume (S.A.W.) ametuelekeza kuwatenganisha watoto katika malazi. Vitanda havikuenea ubavu kwa ubavu. Tukavipanga kufuata ukuta, mito ikikabiliana. Usiku wa kwanza mdogo alilia, akimtaka mama yake. Kaka yake akapenyeza mkono chini ya chandarua, akamshika hadi usingizi ukamchukua. Alfajiri akamwamsha kwa Swala. Ndugu wazazi, tutenganishe malazi, tusitenganishe mapenzi.