Mbwa Mdogo Nyumbani kwa Baba

Nyumbani kwa wazazi wangu, katika kijiji kimoja cha mkoani Njombe, hakujafugwa mbwa tangu mwaka 1996. Paka wapo, kuku wapo, na nguruwe hawakosekani bandani, lakini mbwa hapana. Mgeni anayefuatwa na mbwa wake huombwa amrudishe angali njiani. Sisi watoto tulikua tukiijua sheria hiyo, na hakuna aliyethubutu kumwuliza Baba habari zake.

Basi msomaji atauelewa wasiwasi niliokuwa nao mwezi Desemba uliopita, nilipofunga safari kutoka Dar es Salaam kwenda kuwaamkia wazee, mimi na binti yangu wa miaka tisa, na mbwa ndani ya gari.

Mbwa mwenyewe si wa kutisha. Hafiki kilo sita, sikio moja limesimama na jingine limelala, na rangi yake ni ya karanga zilizokaangwa. Ndiyo sababu akaitwa Karanga. Binti yangu alimwokota mtaroni wakati wa mvua za vuli za mwaka wa kabla yake, akamficha siku mbili katika boksi la sabuni kabla sijagundua. Sikuwa nimetaka mbwa. Mtu aliyelelewa katika nyumba ile hajifunzi kutaka mbwa. Lakini mtoto alilia, baba yake akamtetea, nami nikashindwa.

Tulipotaka kusafiri tulitafuta pa kumwacha, tusipate. Mume wangu alikuwa kikazi Mtwara. Jirani yetu, mama mcha Mungu ambaye hajapata kuninyima chumvi wala moto, alinieleza kwa upole kwamba mate ya mbwa kwake ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo; angewezaje kumlisha wiki mbili? Nilimwelewa. Makondakta wawili wa mabasi ya Njombe niliowauliza walicheka tu. Ndipo nikampigia simu Mama.

“Njoo naye,” alisema. “Baba yako nitasema naye mimi.”

Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa tayari, maana Karanga alikuwa amechanjwa mwezi Machi. Nilikwenda kwa afisa mifugo, akanipa kibali cha kumsafirisha. Alfajiri ya Jumamosi tukaondoka, kikapu cha mbwa kiti cha nyuma, mtoto pembeni yake.

Kutoka Dar es Salaam hadi Njombe ni zaidi ya kilometa 700, na anayeendesha peke yake hana budi kuigawa safari. Mpaka Chalinze hakuna la kusimulia isipokuwa malori. Baada ya Morogoro, askari wa barabarani alitusimamisha, akakagua leseni, kisha akakiona kikapu. Nikampa kibali. Alikisoma chote, akainama dirishani, akamtazama Karanga aliyekuwa amelala chali. “Mama, ndiye mnyama mwenyewe huyu?” akauliza. Nikamjibu, “Ndiye, Afande.” Akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea salamu za rambirambi.

Hifadhi ya Mikumi inakatwa na barabara kuu kwa mwendo wa kilometa 50 hivi, na hapo ndipo mbwa alipotaka kushuka. Swala walikuwa wakila majani karibu kabisa na lami, naye alibweka mpaka sauti ikamkauka. Binti yangu aliomba tusimame kidogo tu. Nilikataa, na nilimweleza sababu ambayo naona wengi hatuijui. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa ulioingia Serengeti uliua simba wapatao elfu moja, yaani karibu theluthi moja ya simba wote wa kule, na wataalamu waliufuatilia ugonjwa huo hadi kwa mbwa wa kufugwa wa vijiji vya jirani. Mtoto alimtazama Karanga kwa heshima mpya. “Anaweza kuua simba?” Nikamwambia anaweza, bila hata kumgusa. Mpaka Mikumi mjini hakuomba tena kushuka.

Bonde la Ruaha lilitupokea kwa joto na mibuyu, na vitunguu vilivyopangwa barabarani. Kupanda mlima Kitonga nyuma ya lori la mbao tupu kulituchukua muda mrefu kuliko nilivyopenda, na kila kona Karanga alitapika. Tulifika Iringa jioni tukinuka. Nyumba ya kwanza ya wageni walitukatalia. Ya pili walikubali, kwa sharti mbwa alale stoo pamoja na magunia ya mkaa. Tukakubali.

Usiku ule binti yangu aliniuliza swali ambalo mimi sikupata kumwuliza mtu: “Mama, kwa nini Babu hapendi mbwa?”

Nikamwambia.

Kaka yangu alikuwa na miaka tisa, mimi sita. Tulikuwa na mbwa mkubwa mwekundu, mlinzi wa nyumba, na rafiki yetu. Mapema mwaka 1996 mbwa huyo alipotea siku tatu, akarudi usiku, na asubuhi kaka alipompelekea ugali akamuuma mkono. Siku ya pili wanaume wa kijiji walimwua. Jeraha lilifungwa kwa majani. Baba alimpakia kaka kwenye baiskeli akampeleka hospitali. Akaambiwa chanjo hakuna, arudi wiki ijayo. Alirudi, chanjo hakuna. Jeraha likapona lenyewe, kaka akarudi shuleni, sote tukasahau. Wiki ya saba alianza kusema mkono unamwasha pale palipokuwa na kovu. Kisha akashindwa kunywa maji. Nakumbuka kikombe cha bati cha bluu kikianguka, na Mama akinitoa chumbani. Sikuruhusiwa kuingia tena. Siku ya nne tulimzika.

Nilipokuwa chuo cha uandishi wa habari nilisoma kwamba mtu wa kwanza kupewa chanjo ya ugonjwa huo alikuwa mtoto Mfaransa, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa naye akiwa na miaka tisa. Louis Pasteur alimchanja mwezi Julai mwaka 1885, akapona. Nilifanya hesabu pembeni ya daftari langu: miaka 111 kabla ya kaka yangu. Hasira niliyokuwa nayo kwa hospitali ile sikuwahi kuiacha. Nimekwisha andika makala nyingi juu ya uhaba wa dawa, na msomaji wa makini huenda ameona kwamba kila mara kalamu yangu huwa nzito kuliko inavyohitajika. Kwani yanayotakiwa si mengi: jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha chanjo ianze bila kungoja. Dalili zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa.

Siku iliyofuata tulipita Mafinga na misitu yake ya misonobari, na Makambako tukaiacha barabara ya Mbeya tukashika ya Njombe. Saa tisa alasiri tulikuwa uani kwa wazee, katika manyunyu.

Baba alitoka na koti lake la mvua. “Kamwene,” alituamkia kwa Kibena, akampokea mjukuu wake kwa mikono miwili. Ndipo kikapu kikabweka.

Mama alikuwa akitazama kwingine. Hapo nikajua kwamba hakumwambia.

Baba alikitazama kikapu kwa muda. Hakupandisha sauti. “Huyo atalala garini,” alisema, akaenda kufunga kuku.

Nilimfuata Mama jikoni nikiwa na hasira. “Ungemwambia angekataa,” alinijibu huku akichochea moto. “Nawe usingekuja. Umekuwa ukisingizia kazi miaka mitatu.” Sikuwa na jibu.

Karanga alilala garini usiku wa kwanza na wa pili, amevishwa sweta la shule la binti yangu, kwa maana baridi ya Njombe hata mwezi wa mvua si ya mchezo. Mchana tulimfunga kamba chini ya mti wa pea. Kila asubuhi Baba alipita hapo na jembe akienda kupalilia mahindi, na kila mara alizunguka mbali, kama mtu anayekwepa kisima kisicho na mfuniko.

Siku ya tatu niliamka nikamkuta ameketi kwenye kigoda hatua chache kutoka kwenye gari. Jembe lilikuwa limelala miguuni pake.

“Ana kadi?” aliniuliza.

Nilimletea. Akanituma ndani kuchukua miwani yake. Aliisoma kadi ile kama wazee wanavyosoma barua ya serikali, mstari kwa mstari, kidole kikifuata: jina la chanjo, tarehe, sahihi ya daktari. Akaigeuza kutazama kama nyuma pameandikwa kitu.

“Nani alikuambia umchanje?”

“Hakuna, Baba. Nilijua tu.”

Alinyamaza. Kisha akasema, bila kunitazama, “Bwana mifugo alipita mwaka ule wa tisini na tano. Mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza. Walipiga mbiu kila mtu apeleke mbwa wake ofisi ya kijiji asubuhi, bure. Mimi nilikuwa napanda. Ardhi ilikuwa imelowa vizuri. Nikasema, nitampeleka mwaka ujao.”

Katika kazi yangu nimefundishwa kuuliza maswali. Pale sikuwa na hata moja. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na ungo mkononi, na usoni pake niliona kwamba habari hiyo haikuwa mpya kwake. Kwa miaka karibu thelathini walikuwa wameibeba wawili, nami nimeiandika nusu yake.

Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuendelea. Nilitaka kumweleza Baba kwamba mbwa wake angekuwa mmoja tu kati ya wengi, na kwamba kosa la hospitali halifutwi na kosa la siku moja shambani. Yote mawili ni kweli. Lakini nilimtazama akiwa na ile kadi mapajani, nikaona afadhali niketi. Nikaketi chini, kwenye majani yenye umande, mpaka Mama alipotuita chai.

Usiku huo Karanga aliingizwa katika chumba cha majembe, akawekewa gunia kavu. Hakuna aliyesema ni nani aliyeliweka. Baba hakumgusa hata mara moja kwa siku zote kumi, wala sikutegemea amguse.

Tulipoondoka alituwekea gunia la viazi na mikungu miwili ya ndizi, kupita uwezo wa gari lile. Akaniuliza mafuta, magurudumu, breki. Kisha akamwita mjukuu wake pembeni, wakazungumza kwa muda, mtoto akiitikia kwa kichwa.

Tulikuwa tumekwisha pita Makambako nilipomwuliza waliongea nini.

“Babu amesema tukija tena tusije Februari wala Machi,” alisema. “Tuje Aprili, Karanga awe amekwisha chanjwa tena. Ameiandika tarehe kwenye kalenda yake.”

Kikapuni Karanga alikuwa amelala. Kitonga ilikuwa bado mbele yetu.