Majuma Saba ya Msamaria

Huku kwetu Masisi na Walikale wapo wengi wanaopasua na kuranda mbao. Vumbi la mbao ni mojawapo ya visababishi vya saratani ya pua na ya uwazi wa mifupa ya uso. Ni ugonjwa adimu, nao huanza kama mafua: tundu moja huziba, damu hutoka, hatimaye uso huvimba. Hapo ndipo wengine husema ni ulozi, wakamkimbia mgonjwa.

Tiba ipo. Mara nyingi ni upasuaji, kisha mionzi siku 5 kwa juma, kwa majuma 6 au 7, pengine pamoja na kemoterapia. Mgonjwa huvishwa kinyago ili kichwa kisitikisike, kwa maana macho na ubongo vi karibu. Lakini mashine hizo ziko mbali nasi, na ni chache: mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini Uganda iliharibika, wagonjwa wakakwama. Nasi, kabla hata ya kuifikia mashine, tuna njia zilizofungwa na vita.

Msamaria hakuishia kufunga majeraha. Alimfikisha mgonjwa kwenye nyumba ya wageni, akalipa, akaahidi kurudi. Majuma 7 yanadai upendo wa namna hiyo: kuchanga nauli, kulima shamba la asiyekuwapo, kulisha watoto wake. Mashine hatuna. Lakini jirani anayetokwa damu tundu moja mara kwa mara tunaweza kumsindikiza kwa daktari mapema, na kumtazama usoni bila kugeuza macho.