Tulihama Bila Kufunga Duka

Nilipoajiriwa na kampuni ya kuuza vifaa vya ujenzi kwa jumla jijini Dar es Salaam, mauzo yote yalipita kwenye programu iliyoandikwa kwa FoxPro ya DOS. Kipanya hakikuwa na kazi. Makarani walibonyeza vitufe kwa kasi ambayo sijaiona tena popote. Mtu aliyeiandika alikuwa ameshahama nchi, na hakuacha hata ukurasa mmoja wa maelezo.

Mwaka 2007 Microsoft ilitangaza kwamba haitatoa toleo jingine la FoxPro. Habari hiyo haikuwatisha wakurugenzi. Kilichowatisha ni kwamba faili moja la FoxPro haliwezi kuzidi gigabaiti 2, na faili letu la mauzo lilikuwa likijaa. Kikao kikaitishwa. Mshauri wa kukodi akashauri tununue mfumo mpya mzima, tuzime wa zamani Jumamosi jioni na Jumatatu asubuhi tuwashe mpya.

Nilipinga, na hata leo ningepinga. Miaka kadhaa baadaye, Aprili 2018, benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja zaidi ya milioni 5 kwa wikiendi moja. Wateja wapatao milioni 1.9 wakajikuta hawawezi kufungua akaunti zao, na Desemba 2022 wasimamizi wa mabenki wakaipiga faini ya pauni milioni 48.65. Kama benki yenye uwezo ule iliumia hivyo, duka letu la saruji na mabati lingesalimika kwa lipi?

Niliomba tuhame kipande kwa kipande. Mwandishi wa vitabu vya programu za kompyuta, Martin Fowler, alikuwa ameieleza njia hiyo mwaka 2004 kwa mfano wa mitini aliyoiona Australia: huota juu ya mti mwingine, hushusha mizizi taratibu hadi ardhini, na mwishowe husimama yenyewe mti wa kwanza ukiwa umekufa ndani yake. Wakurugenzi wakakubali tujaribu stoo kwanza.

Stoo ndiko nilikojifunza kazi hii. Nondo tulinunua kwa tani na kuuza kwa kipande. Kwa vipimo vya vitabuni, nondo ya milimita 12 ina gramu 888 kwa mita. Kipande cha mita 12 kina kilo 10.66, na tani moja hutoa vipande 93 na ushei. Programu ya zamani iligawa tani kwa vipande 96. Nikashuka kwa mzee wa stoo.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Leo umekuja kuhesabu nini?”

Nilipomwonyesha ile namba, hakubishana. Alipandisha vipande kwenye mizani, nikasoma mwenyewe: vilikuwa vyepesi kuliko vya vitabuni. Viwanda vinaruhusiwa kupishana kidogo na uzito uliowekwa, na mzigo wetu ulielemea upande wa wepesi. Tungeandika 93, kila tani ingeacha vipande vitatu ndani ya stoo ambavyo mfumo hauvijui, na kitu kisichojulikana na mfumo huondoka bila kuulizwa. Maarifa hayo yalikaa ndani ya namba moja, bila maelezo, kwa miaka. Kwenye mfumo mpya tukaamua kila mzigo unapoingia upimwe na uhesabiwe, namba zote mbili ziandikwe.

Majina ya bidhaa yalitutoa jasho zaidi. Bati lilelile la geji 30 lilikuwa limeingizwa kwa majina chungu nzima, kila karani na lake. Kazi ya kuyaunganisha haikuwa ya fundi wa kompyuta. Niliwaachia wanawake wa kaunta, wakayamaliza vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

Ankara zilifuata, kwa sababu mwaka 2010 wafanyabiashara waliosajiliwa VAT walianza kutakiwa kutumia mashine za kielektroniki za kutoa risiti za kodi (EFD). Matawi ya mikoani yaliunganishwa baada ya nyaya za chini ya bahari kufika Dar es Salaam kuanzia 2009. Kabla ya hapo mauzo yao yalikuja kwenye flashi kwa basi. Madeni ya wateja na leja kuu tuliviacha mwisho, na mifumo miwili ilikwenda sambamba. Kila jioni mhasibu alilinganisha jumla za pande zote mbili. Ikipungua shilingi, ilitafutwa.

Njia hii ina gharama yake, nayo isifichwe. Watu huingiza kazi ileile mara mbili na huchoka. Hatari kubwa huja katikati, mambo yanapotulia na wakubwa wanapoona fedha iliyobaki ina matumizi mengine. Kampuni ikisimama hapo hubaki na mifumo miwili ya kulisha daima. Nilipigania bajeti ya leja kuu kuliko nilivyopigania ya stoo.

Kompyuta moja yenye FoxPro tuliibakiza kwa kusoma tu, maana Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano.

Kijana uliyepewa kazi ya kuhamisha mfumo wa kampuni, omba kwanza muda wa kukaa stoo na kaunta kabla hujaandika mstari hata mmoja. Wakikunyima, omba tena.