Nimemwona gumegume mwenzangu Bagamoyo

Mchumba aliponiita gumegume kisa sina kazi, nikapanda basi la Bagamoyo kupunga upepo. Huko mzee mmoja akanionyesha gumegume lenyewe, bunduki ya zamani.

Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unatia risasi, unashindilia kwa mdeki. Baruti laini kidogo unaiweka kwenye kisahani cha ubavuni, unafunika, kisha unavuta nyuma nyundo iliyobana jiwe. Ukibonyeza triga, jiwe linakwangua chuma cha kifuniko, kifuniko kinafunguka, cheche zinaangukia kisahani, moto unapenya tundu dogo hadi ndani. Puu!

“Tundu likiziba, inawaka nje tu, ndani kimya,” mzee akasema. “Lakini haijafa, mjukuu wangu. Zibua, jaribu tena.”

Mchumba, umesikia? Nizibue kwanza.