Kushuka Marigat na Mafundi wa Lami

Nakuru tumezoea kulaumu mvua. Shimo linafunguka kwenye maegesho mwezi wa Aprili, linazibwa Juni, na mvua fupi za Novemba zikifika linafunguka tena palepale. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba mama mmoja mwenye maduka Marigat, ambako mvua ni chache, anaita mafundi kutoka Nakuru waje kumtengenezea uwanja wa lami uliopasuka kila upande, sikuelewa. Nilimuuliza fundi mkuu lami huharibiwa na nini mahali pakavu namna hiyo. Mzee yule, aliyefanya kazi ya barabara tangu ujana wake, alinitazama kidogo akasema, "Njoo twende, kijana. Jua la huko litakueleza lenyewe."

Sikuwa nimewahi kushuka Baringo. Tuliondoka gizani kwa pikapu, nyuma tumepakia kompresa, brashi za waya, sururu na kishindilio cha injini. Ilikuwa Februari, lakini Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri yake hutaka sweta hata wakati wa kiangazi. Menengai ikabaki mkono wa kulia, tukapita Kabarak, kisha Kampi ya Moto. Mashamba ya mkonge ya Mogotio yalipoanza kuonekana, safu kwa safu hadi upeo wa macho, nilikuwa nimekwisha vua sweta. Mbele kidogo kuna bango la Ikweta. Hapo mahindi na viazi vya kwetu vilikuwa vimeisha kabisa. Kulikuwa na migunga, vichuguu virefu vyekundu, mbuzi waliosimama kwa miguu miwili wakila majani, na chupa za asali zilizopangwa juu ya meza kando ya barabara. Hewa iliyoingia dirishani ilikuwa ya moto, na saa tatu za asubuhi zilikuwa bado hazijafika.

Marigat iko chini ya Nakuru kwa zaidi ya mita 700. Wataalamu wa hali ya hewa huiweka kwenye nchi nusu kame; jangwa lenyewe liko kaskazini zaidi, Lodwar. Lakini mimi mtu wa Nakuru sikuona tofauti. Jua lilinikamata mabegani kama mzigo.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza uwanjani ni vibao. Kila pikipiki ya bodaboda ilikuwa imewekewa kipande cha ubao chini ya stendi yake. Nakuru tunaegesha na kwenda zetu. Kijana mmoja aliniona nikikodoa macho, akainua pikipiki yake na kunionyesha alama ya siku ambayo alisahau kibao: stendi ilikuwa imezama kwenye lami urefu wa kidole, na pikipiki ikaanguka. Mchana ule fundi mkuu alielekeza kipimajoto chake chini kikasoma zaidi ya nyuzi 60. Hewa yenyewe ilikuwa nyuzi thelathini na kitu. Lami, kwa weusi wake, hulimbikiza joto kuliko hewa inayoizunguka. Akanieleza kwamba lami inayotumika sana kwetu huanza kulegea karibu na nyuzi 50. Ni kama mafuta ya kupikia ya kopo: Nakuru asubuhi unayachota kwa kijiko kwa nguvu, na kopo lilelile ukilileta Marigat unamimina. Ndiyo maana lori likisimama sehemu moja mchana kutwa huacha mabonde mawili, na dereva anayekata usukani gari likiwa limesimama huichubua lami kama ganda.

Hilo nililielewa. Kilichonitatiza ni upande wa pili wa uwanja, ambako lami ileile ilikuwa ya kijivu, kavu, imepasuka vipande vipande. Inawezekanaje jua moja lilainishe hapa na kukausha pale? Mzee alichuchumaa akang'oa kipande, akakivunja kwa vidole. Joto la mchana, alisema, hulegeza lami, na usiku ikipoa inarudi. Lakini jua na hewa huendelea kuila mwaka baada ya mwaka. Ile sehemu yake ya mafuta inapungua, inabaki ngumu na yenye kuvunjika. Usiku inaposinyaa haiwezi tena kunyumbulika, kwa hiyo inapasuka. Kisha akanipeleka kwenye pembe ambayo magari hayafiki kabisa, nyuma ya tangi la maji. Nilitarajia kukuta lami mpya. Ndiyo iliyokuwa na nyufa nyingi kuliko zote! Magurudumu yanayopita huifinyanga lami na kuziba nyufa ndogo zikiwa bado changa. Pembe isiyokanyagwa inazeeka upesi. Nilirudi kuitazama mara kadhaa siku ile, kwa sababu Nakuru ningeapa kwamba gari ndilo adui.

Si kwamba magari hayana hatia. Malori yanayobeba mahindi ya mbegu kutoka mashamba ya Perkerra, mradi wa umwagiliaji ulioanzishwa mwaka 1954 kwa jasho la wafungwa wa enzi za Hali ya Hatari, huegesha hapo madereva wakila. Mahali yanapodondosha dizeli palikuwa peusi na laini, na bisibisi ilizama bila kusukumwa. Lami na dizeli hutoka kwenye mafuta yaleyale ya ardhini, kwa hiyo dizeli huiyeyusha. Hapo hakuna kuziba. Ilibidi kukata na kutupa.

Na ndani ya nyufa kulikuwa na miche ya mathenge. Mti huu wa miiba uliletwa Baringo miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, ukasambaa hadi ukameza malisho, na mwaka 2006 wakazi wakaishtaki serikali kwa sababu yake. Mbuzi hula maganda yake, na mbegu hutoka nzima katika kinyesi chao. Jioni niliwakuta mbuzi wamelala uwanjani wakiota joto lililobaki kwenye lami, nikajua mbegu zinaingiaje. Tuliing'oa miche mmoja mmoja pamoja na mizizi, kazi iliyotuchukua muda kuliko nilivyofikiri.

Kesho yake tulianza kazi nyota zikiwa bado angani. Nilidhani ni kukimbia jua tu, kumbe kuna sababu nyingine: alfajiri lami imesinyaa na ufa uko wazi, mchana inatanuka na ufa unajibana. Tulisugua nyufa kwa brashi ya waya, tukapuliza vumbi kwa kompresa, kisha fundi akapita na birika la bati akimimina lami iliyochemshwa, taratibu, akiacha kidogo chini ya usawa. Nyuma yake kijana alinyunyiza vumbi la mawe ili matairi yasiibandue.

Lori la lami ya moto lilitoka Nakuru likiwa limefunikwa turubai mara mbili. Mchanganyiko huo hutoka kiwandani ukiwa na nyuzi kama 150, na ukipoa sana njiani haushindiliki tena. Ni kama kilomita 100, lakini kwa mara ya kwanza nililiona joto la Baringo likiwa rafiki: mzigo ulifika ukifuka moshi. Mashimo yalikuwa yamekatwa yakawa na kingo zilizonyooka. Yalipakwa lami iliyochanganywa na maji, ambayo ni ya kahawia ikiwa mbichi na hugeuka nyeusi ikiwa tayari kupokea. Nakuru tunaisubiri kwa kikombe cha chai. Hapa iligeuka kabla chai haijamiminwa.

Ugomvi ulikuja saa sita. Mama mwenye maduka alitaka uwanja ufunguliwe.

"Fundi, wateja wangu wataegesha wapi? Nakuru si mnafungua siku hiyohiyo?"

"Nakuru kunapoa, mama. Hapa jua linaipasha tena. Ukifungua leo, lori la kwanza litakuachia mitaro miwili."

Alinung'unika, lakini akafunga mnyororo hadi asubuhi iliyofuata. Jioni ile aliniita nyuma ya maduka akanionyesha mtaro wa maji uliojaa mchanga hadi juu. Ndipo jibu la swali langu lilipokamilika. "Mvua ya hapa huja mara chache," alisema, "lakini ikija inashuka yote kwa saa moja kutoka milima ya Tugen." Mito mikavu tuliyovuka kwa gari hujaa ghafla, na maji yanayokosa mtaro husimama uwanjani yakitafuta njia. Nyufa zilizofunguliwa na jua kwa miezi minane huyapokea yote. Maramu iliyo chini inageuka tope, na gari likipita juu yake lami inabonyea na kuzama. Watu huona shimo wakati wa mvua na kuilaumu mvua, kama nilivyofanya mimi miaka yote.

Tuliuzoa mchanga wa mtaro kabla ya kupakia vyombo. Mama alitufungia asali na mapapai ya njiani, akamwambia mzee, "Mwaka ujao nitakuita Januari, si Februari." Mzee alifurahi kuliko alivyofurahia malipo.

Kwa hiyo wewe uliye na uwanja wa lami Marigat, Mogotio, Kampi ya Samaki au hata Lodwar: usingoje shimo. Tembea uwanjani alfajiri ya Januari, nyufa zikiwa wazi, uanzie pembe ambayo hakuna gari linalofika. Ng'oa mathenge, ziba nyufa, waambie wenye malori wanaovujisha dizeli wasimame kwenye saruji au changarawe, na zoa mtaro kabla ya Machi kuisha. Kuziba nyufa ni kazi ya asubuhi chache na mapipa machache ya lami. Kuufumua uwanja na kuanza upya kutoka kwenye maramu ni gharama inayofunga biashara ndogo, na wenye maduka wengi wa nyanda zile hawana uwezo nayo.